Sifa za Betri Isiyochomolewa

Enyi wenye stesheneri, wauza simu, na nyinyi mnaojaza fomu za ajira hadi usiku wa manane, leo naisifu betri ya kompyuta mpakato iliyochomekwa kwenye umeme tangu siku ilipotolewa dukani. Imetukanwa vya kutosha. Ingia duka la kompyuta za mtumba pale Kariakoo, kijana atakusifia skrini, kisha atashusha sauti: "Bosi, mashine safi, ila betri ndiyo haikai na chaji. Ukiichomeka inapiga kazi kama kawaida." Anashusha sauti ya nini? Hapo ndipo angepandisha bei.

Tuanze na ukoo, maana huyu si mtoto wa mtu hivi hivi. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony ya Japani. Mwaka 2019 John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko yeyote aliyewahi kuipokea, na bado alikuwa akifanya utafiti chuoni Texas. Baba alikuwa na miaka 97 na bado yuko kazini. Mtoto ana miaka miwili na ameshastaafu. Nani mwenye akili hapo?

Kisha tazama ilivyolelewa. Asubuhi iko asilimia 100, mchana 100, jioni 100. Wasiojua husema eti inazidishiwa chaji. Wanaisingizia. Ikishajaa, chaja huacha kuijaza na mashine hula umeme wa ukutani moja kwa moja. Betri imekaa tu, kama mkubwa aliyepewa ofisi, gari na posho, akasahauliwa kupewa kazi. Na kinachoimaliza ni shibe hiyo hiyo. Seli iliyojaa hufika karibu volti 4.2, na katika hali hiyo kemikali za ndani hazitulii: utando uliomo huzidi kunenepa, ukimeza lithiamu ambayo ndiyo ingebeba chaji. Joto likiongezeka, mambo huenda mbio. Katika vipimo vinavyotajwa sana, betri iliyokaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 40 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubakiwa na asilimia 85 hivi ya uwezo wake. Iliyokaa imejaa hubakiwa na 65 hivi. Na nyuzi 40 hatuzitafuti mbali. Mwezi Februari, kwenye kibanda cha bati, feni ya mashine ikiwa imezibwa na vumbi la Msimbazi, tunazivuka kabla ya adhuhuri.

Sasa matendo yake. Nenda stesheneri yoyote jirani na Ilala Boma. Mashine iko juu ya meza, waya wa chaja umefungwa tepu nyeusi pale ulipokatika, umeshuka hadi kwenye ekstensheni iliyobeba pia simu tatu za wateja. Soketi iko chini ya meza, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wateja ambao hawajawahi kukutana wanaungana kuulinda waya ule. "Dada, waya, waya!" "Samahani kaka, sijauona." Binti anayechapa anabonyeza kuhifadhi kila baada ya sentensi, kwa uchaji ambao hata mahubiri hayajaweza kuuleta mjini. Ni nani aliyemfundisha kwamba saa yoyote unaweza kuitwa? Betri.

Ulinzi nao usisahaulike. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine yetu haitembei hata hatua moja, kwa hiyo uzuri wake hauna mjadala. Kibaka akiikwapua, itamzimia mkononi kabla hajafika kituo cha mwendokasi cha Gerezani.

Na uzalendo je? Mgao wa umeme wa mwaka 2023 ulipopamba moto, betri za watu wengine ziliwatesa wenyewe: umeme umekatika, wao bado wanachapa barua. Ya kwetu ilikuwa na mshikamano. TANESCO ikizima, nayo inazima. Ikijitahidi sana, itaandika 100, punde 61, punde giza. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115, ulipoanza kutoa umeme, nchi ilishangilia. Betri yetu nayo ilifurahi, maana ilirudi mezani.

Ikidumu kwenye cheo, huota kitambi. Gesi hujaa ndani, kibao cha kusogezea mshale kinainuka, mfuniko unagoma kufunga. Hapo hata mimi msifiaji narudi nyuma. Usiikandamize, usiitoboe, zima mashine, chomoa chaja, mpelekee fundi anayeijua kazi, kwa sababu seli ikichanika huweza kushika moto.

Wapo wenye husuda. Wanasema mashine nyingi za Lenovo, ASUS na Dell zina mpangilio wa kuizuia chaji isivuke asilimia 80 kwa wanaoshinda kwenye umeme. Wanasema ukiandika powercfg /batteryreport kwenye Windows, utaonyeshwa uwezo iliotoka nao kiwandani na uliobaki leo. Wanasema hata ile desturi ya kuimaliza hadi sifuri ndipo uichaji ni ya betri za nikeli za zamani; hii ya lithiamu inaumia tu. Wanataka ipulizwe vumbi, ipate hewa, itumwe kidogo kidogo.

Tuwakatae mapema. Tukikubali kwamba shibe isiyo na kazi huozesha, hatutaishia kwenye betri. Leo tutaipunguzia posho hadi asilimia 80, na kesho mtu ataanza kuuliza ni nani mwingine mjini hapa amejazwa hadi pomoni miaka yote, hajatumwa popote, na siku anapotumwa anazima.