Tuwaachie Wazee wa Java Heshima Yao

Wanaosema Java humtesa mwanafunzi hawajui malezi. Kijana anataka kumuuliza mtu umri na jina. Lugha yamfunza adabu kwanza. Kabla ya Java 5 kutoka mwaka 2004, ilimpasa kuichukua System.in, kuivika InputStreamReader, juu yake BufferedReader, kama biharusi asiyeonekana uso, kisha atangaze mapema atafanya nini IOException ikitokea. Kibodi, baada ya yote, ni bahari yenye dhoruba.

Scanner ilipokuja na toleo hilo kurahisisha mambo, haikuitupa mila. nextInt huchukua umri na kuiacha Enter mlangoni. nextLine huikuta pale, huridhika nayo, na mwanafunzi hukabidhiwa jina tupu kabla mtu hajagusa kibodi tena. Haki ni haki: aliyetangulia kufika ahudumiwe.

Afadhali hivyo kuliko ukarimu wa wengine. Python 2, kwa input() yake, ilitekeleza alichoandika mgeni kama amri ya mwenye nyumba. Nayo gets ya C haikumpima mtu mzigo. Mwaka 1988 mnyoo wa kompyuta wa Morris ukaingia kwa karibu hiyohiyo. Wabahili wakaifuta kwenye kiwango cha C cha 2011, baada ya miaka 23 tu ya kutafakari. Haraka ya nini?

Basi mwanafunzi, usinung'unike. Andika nextLine ya ziada ya kuzoa Enter, usimuulize mwalimu sababu, kisha tuendelee na somo la leo: kujumlisha namba mbili.