Barua ya Wazi kwa Idara ya Zima-Uwashe

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni Yenye Waya Kwenye Nguzo Yetu.

MINT: TAA NYEKUNDU, KITENGELA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa kalamu, kwa sababu unazozijua. Kwanza pongezi. Kila nikipiga simu, vijana wako hunijibu kwa adabu kubwa: "Mteja wetu mpendwa, zima ruta, hesabu hadi thelathini, kisha uwashe." Nimezima, nimewasha. Wanangu sasa huhesabu hadi thelathini bila kukosea, na pengine mtanidai karo.

Mlisema kompyuta yangu ni mbovu. Nikaiunganisha na intaneti ya simu, kurasa zikafunguka papo hapo. Mkasema basi ni waifai. Kijana wa jirani, ambaye hajaajiriwa na yeyote, akaandika 192.168.1.1 na ukurasa wa ruta ukaja. Kumbe kompyuta na ruta zinaongea vizuri tu. Mlionyamaza ni nyinyi. Akachungulia nyuma ya televisheni. "Mzee, LOS inawaka nyekundu." Maana yake mwanga unaopaswa kupita ndani ya waya wenu haufiki kwenye kifaa. Hapo hata stima ipotee mtaa mzima, kama inavyopenda, irudi, ipotee tena, hakuna kitakachobadilika.

Waya wenyewe tunajua uliko. Mliuning'iniza juu ya barabara ya vumbi, na huku wengi wetu tunanunua maji ya kisima yaletwayo kwa lori. Likapita lori refu kidogo, likaondoka nao. Kipande kilichobaki kimefungwa kwenye ploti ya pili, na leo kimeanikwa soksi za shule. Zinakauka haraka, angalau kuna mtu anayefaidi.

Sisemi nyumba yangu haina lawama. Kuta zetu ni za mawe ya machimbo, na mawimbi ya 2.4 GHz huyapenya kwa taabu. Yale ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini huchoka mapema. Chumbani intaneti husuasua hata siku njema. Ila aliyeiweka ruta kwenye kona ya nyuma ya televisheni ni fundi wenu, akidai waya umeishia hapo. Na ile "10" ya kwenye tangazo ni megabiti: gawa kwa nane, upate megabaiti 1.25 kwa sekunde. Nayo ningeivumilia.

Linaloniacha hoi ni jiografia yenu. Kijana wa mauzo alipobisha mlangoni, Kitengela ilikuwa Nairobi, "hapa tu, kilomita 30 hivi." Nilipoomba fundi, ikahamia Kajiado. Timu ya Kajiado nayo ikanieleza, kwa upole, kwamba Kitengela husimamiwa na Nairobi. Hatimaye fundi mmoja akapiga: "Mzee, uko upande gani? Kuna kanisa karibu?" Yapo mengi, nikamtajia yote. Hajafika. Lakini bili haijawahi kuuliza njia. Hufika kwenye simu yangu siku yake, saa yake, hata waya ukiwa umeanikwa soksi.

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwenye iTax, nilipanga foleni saibani nikilipia intaneti mara ya pili. Siku hiyo nilikuwa mteja mpendwa wa watu wawili.

Kanuni za 2010 za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zinakutaka uwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Nakiri unao: ni kuhesabu hadi thelathini. Ninachoomba ni mtu mwenye ngazi, na siku zote za taa nyekundu zikatwe kwenye bili ijayo.

Jibu lako lilete kwa posta au nipigie simu. Barua pepe itasubiri fundi.

Wako mtiifu,
Mteja wa ile nambari ya akaunti mnayoniuliza upya kila nikipiga.

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Nairobi. Nairobi yenyewe, si ile ya kijana wa mauzo.