Safu ya Mengineyo

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimenunua bastola. Niseme vizuri: nimelipia bastola. Shemeji yangu wa Houston anaitaka ya aina hiyo hiyo, lakini yeye ni mtu wa kungoja mwenzake aungue ulimi ndipo aulize kama chai ni ya moto. Tumekubaliana niijaribu mwezi mmoja, uwanjani na nyumbani, kisha nimwandikie. Nimenunua daftari la mistari na kuchora safu mbili: Kasoro za Bastola, na Mengineyo. Ya kwanza nimeiachia nafasi kubwa. Jina la kiwanda sitaliandika, maana kasoro zikiwa nyingi sitaki barua ya wakili.

Dukani nilijazishwa Fomu 4473 ya serikali ya shirikisho. Inauliza ulizaliwa wapi, una urefu gani, una uzito gani, kama unatumia bangi, kama mahakama imewahi kukutia hatiani kwa kosa kubwa. Nilikwama kwenye uzito tu. Kisha muuzaji akaigeuza leseni yangu ya udereva, akaona ina anwani ya nyumba tuliyohama mwezi wa nne. Kitambulisho lazima kioneshe unakoishi sasa. Kama hakioneshi, ulete karatasi nyingine ya serikali. Nikaendesha maili 14 hadi nyumbani hapa Arlington kufuata hati ya usajili wa gari. Nikapekua kabati la sebuleni, nikapekua la chumbani. Mama watoto akaniuliza hati ya gari huwa inakaa wapi. Inakaa ndani ya gari.

Nikarudi. Duka likapeleka jina langu kwenye mfumo wa FBI wa kuwachunguza wanunuzi, ulioanza kazi Novemba 1998. Wengine huambiwa endelea dakika hiyo hiyo. Mimi nimeambiwa ningoje. Muuzaji alinifariji kwamba huenda jina langu linafanana na la mtu mwingine.

Mengineyo: anwani, jina.

Jumatano, 10 Septemba

FBI wamesema niendelee. Hawakusema walikuwa wanatafuta nini.

Bastola iko mezani. Ni ya milimita 9, magazini yake inabeba risasi 15, na mpini wake ni wa kati. Sifa yake kubwa ni kwamba ni ya vipande. Ndani yake kuna kijisanduku cha chuma kinachobeba triga na mitambo yake, kimechongwa namba, na kisheria hicho ndicho bastola. Mpini wa plastiki, slaidi na mtutu ni vipuri tu, vinaletwa na posta mpaka mlangoni kama viatu. Ukitaka mpini mfupi wa kufichika chini ya shati, unahamisha kijisanduku. Ukitaka mrefu wa uwanjani, unahamisha tena.

Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo lilitaka hivyo hivyo, likaichagua SIG Sauer P320 mnamo Januari 2017. Kabla ya hapo waliandika masharti ya bastola wanayoitaka, yakafika kurasa 367, hadi mkuu wa jeshi hilo wa wakati ule, Jenerali Mark Milley, akalalamika hadharani. Daftari langu lina kurasa 48.

Mama watoto alihesabu mipini mezani, akauliza nimenunua bastola ngapi. Nikamwambia moja. "Na hii miwili mingine?" Nikasema ni nguo zake. Akasema ni sawa, hata yeye ana jozi moja tu ya viatu, zile nyingine kabatini ni nguo zake.

Jumamosi, 13 Septemba

Uwanja wa shabaha, siku ya kwanza. Ni wa ndani, wenye vijia 12 na kiyoyozi kinachovuma kama lori la mchanga. Mwalimu ni mzee mstaafu wa jeshi, mpole. Nilimweleza kwamba mimi si mgeni wa silaha, nilipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mwaka 1992. Akauliza nilipiga risasi ngapi. Nikasema tano. Akauliza za bastola? Nikasema za bunduki. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na mimi sikukiona.

Kabla ya kuingia walipitisha sumaku kwenye risasi zangu. Sumaku ikanata. Nilikuwa nimenunua boksi la bei nafuu, na hawaruhusu risasi zenye chuma, kwani zinaharibu ukuta wa nyuma na kurusha cheche. Nimenunua nyingine palepale kwa bei ya palepale.

Risasi ya tisa, ganda lilitoka kwenye slaidi, likagonga ubao wa kando, likaingia kwenye kola ya shati langu, likashuka hadi lilipozuiwa na mkanda. Ganda lililotoka kufyatuliwa lina joto la kutosha kumfanya mtu mzima acheze. Sheria ya uwanjani ni kwamba mdomo wa mtutu unabaki umeelekea mbele, litokee litakalotokea. Nilicheza miguu na mabega. Mkono wa bastola ulibaki pale pale, kidole nje ya triga. Mwalimu alisema hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya vizuri tangu nifike.

Kasoro za Bastola: (1) Inapiga chini kushoto. (2) Risasi zikiisha slaidi haibaki wazi nyuma kama kitabu kinavyosema. Inarudi mbele, unabaki unabonyeza triga ya bastola tupu. (3) Magazini ngumu kujaza, risasi ya 14 na ya 15 zinataka gumba la mkulima.

Mengineyo: shati.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeandika kwa shemeji kuhusu kasoro namba 2. Amejibu: "Pole."

Jumanne, 16 Septemba

Somo la pili. Mwalimu alisimama kando yangu, akatazama, akanishika gumba la kulia. Lilikuwa limelalia kile kitenzo cha kushikilia slaidi, likikikandamiza kisiinuke. Nikalishusha kidogo. Slaidi ikabaki wazi. Nikapiga magazini tatu zaidi, slaidi ikabaki wazi mara zote tatu.

Kasoro namba 2 imehamia Mengineyo.

Halafu akaichukua magazini akaijaza mwenyewe, mgongo amenipa. Sikujua kwamba amechanganya humo risasi bandia za plastiki. Nikalenga, nikavuta triga, bastola haikulia, lakini mdomo wa mtutu uliinama chini kushoto kwa adabu kabisa, kama mkwe anayesalimia. Mtu anauogopa mlio kabla haujatoka, anaminya ngumi yote, naye ndiye anayeipeleka risasi chini. Kijana wa kijia cha jirani aliona. Nilivuta tena, ikawa vile vile.

Kasoro namba 1 imehamia Mengineyo.

Jumatano, 17 Septemba

Niliacha sambusa ndani ya gari jana ili nizile nikitoka. Mama watoto amesoma kwamba mlipuko wa risasi unaacha vumbi la risasi yenyewe, yaani madini ya risasi, kwenye mikono na nguo, na kwamba hunawi kwa maji ya moto bali ya baridi na sabuni. Sambusa zimekwenda kwenye pipa. Nguo zangu za uwanjani zina kikapu chao sasa. Kiko gereji.

Alhamisi, 18 Septemba

Kilengeo cha nukta nyekundu kimefika. Slaidi ya bastola hii imekatwa juu tayari kupokea kilengeo, na tangazo lake linasema hivyo kwa herufi kubwa. Halisemi kipi. Kuna mkato wa skrubu wa RMR, kifaa cha Trijicon; kuna wa DeltaPoint Pro wa Leupold; kuna wa RMSc wa Shield kwa bastola nyembamba; na vyote havisikilizani. Nimenunua kisichosikilizana. Nimeagiza bamba la kuvisuluhisha.

Jumamosi, 20 Septemba

Bamba limefika. Skrubu zinatiwa tone la gundi ya buluu zisilegezwe na mtikiso, kisha unachora mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye slaidi, ili siku skrubu ikizunguka uone mistari imeachana. Watu hutumia rangi ya kucha. Nimetumia rangi ya kucha. Ilikuwa ya mama watoto, ya harusi ya mdogo wake, wiki ijayo.

Nimewasha. Badala ya nukta moja naona mkungu: nukta tisa au kumi zimebebana, na mkia juu. Nimezima na kuwasha. Nimebadilisha betri. Mkungu uko pale pale.

Kasoro za Bastola: (4) Kilengeo kibovu. Nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Jumapili, 21 Septemba

Jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyetoka Bukavu akakaa miaka kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Texas, alikuja kuazima ngazi. Nikamwambia nimepata bastola ya kisasa, inabadilishwa vipande, ina nukta nyekundu, nimwoneshe? Akasema, "Ndugu, mie nilishaziona." Nikampa ngazi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepiga simu dukani kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Kijana aliyepokea hakubishana. Aliniomba nielekeze kamera ya simu kwenye kioo cha kilengeo, nipige picha. Nimepiga. Kwenye picha kuna nukta moja, ya duara, safi kama tone la damu. Akasema wenye macho yasiyokunja mwanga sawasawa huona nyota, au mkia, au zabibu. Nikamwambia mimi naona ndizi. Akasema hata ndizi zipo.

Kasoro namba 4 imehamia Mengineyo. Mistari miwili siwezi kuifuta, ni ya kalamu ya wino.

Mkungu una matumizi yake, hata hivyo. Nimekichagua kile kichane cha nukta kubwa zaidi, nikapunguza mwanga, na sasa ni vichane viwili tu.

Jumanne, 23 Septemba

Mazoezi makavu chumbani, bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine, nimekagua chemba mara mbili kwa macho na mara moja kwa kidole. Kazi ni kuinua bastola na kuikuta nukta iko tayari kiooni. Haiko. Nainua mdomo wa mtutu juu, nazungusha, natafuta, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu juu ya kichuguu. Mwanangu wa mwisho alipita mlangoni akauliza kama napungia mtu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimevua magazini moja ili niisafishe. Kitabu kinaonya kwamba springi iko chini ya mgandamizo, uishikilie kwa gumba. Nimeishikilia kwa gumba. Maharage yalikuwa jikoni, sufuria wazi.

Springi imeoshwa. Maharage, ona 17 Septemba.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 26 Septemba

Saa tisa kasoro ya usiku, kishindo jikoni. Hili ndilo jaribio la matumizi ya nyumbani ambalo shemeji analingojea.

Bastola inakaa kwenye kisanduku cha chuma kinachofunguka kwa alama ya kidole. Hapa Texas mtu mzima anaweza kushtakiwa kwa uzembe mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi ambayo haikufungiwa, na sisi tunao watatu. Niliweka kidole. Taa nyekundu. Nikakifuta kwenye shuka, nikaweka tena. Taa nyekundu. Jioni nilikuwa nimemenya ndizi mbichi, na utomvu ulikuwa bado haujatoka. Baada ya mara ya tano kisanduku kilijifunga chenyewe, kikaanza kulia. Ufunguo wa akiba uko gereji, ndani ya kikapu cha nguo za uwanjani.

Wakati huo mama watoto alikwishawasha taa za jikoni, akakuta friji imemwaga barafu kwenye trei yake. Alirudi, akaniuliza kwa nini kisanduku kinalia.

Kasoro za Bastola: hakuna, haikuhudhuria.

Jumamosi, 27 Septemba

Kuirekebisha nukta, yadi 10. Risasi zinakwenda inchi 2 chini ya ninapolenga. Nimezungusha skrubu mibofyo miwili, nikapiga, hakuna badiliko. Miwili tena. Hakuna. Nimemwita mwalimu. Alinieleza kwa upole kwamba kila mbofyo unasogeza inchi moja hivi kwa yadi 100, kwa hiyo kwa yadi 10 ni sehemu moja ya kumi ya inchi. Nilihitaji mibofyo 20. Nikaifanya yote 20, tena upande wa chini.

Saa moja na boksi moja baadaye, risasi tano ziliingia ndani ya tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Nimekata kile kipande cha karatasi, kiko kwenye pochi. Nimepiga pia risasi 50 za kujilinda, zile zenye tundu kwenye ncha, zinazotakiwa zichanuke na kusimama zisije zikapenya na kumkuta asiyehusika. Ni ghali. Zote zimeingia chemba bila kukwama.

Jumanne, 30 Septemba

Nimefunga tochi ndogo chini ya mtutu. Bastola haiingii tena kwenye ala yake. Nimeagiza ala nyingine. Mama watoto ameandika kwenye daftari langu, kwa mkono wake, chini ya Mengineyo: "nguo."

Jumamosi, 4 Oktoba

Risasi 640 hadi leo. Nimemwandikia shemeji. Bastola haijakwama hata mara moja. Mpini wa kati unatosha mkono wangu. Mdogo unamfaa mama watoto, ambaye alikuja leo uwanjani kwa mara ya kwanza, hakusema alipita wapi, akapiga risasi kumi, zote ndani ya karatasi na saba kwenye duara. Yeye anaiona nukta moja. Vipuri havihitaji fomu. Mkato wa slaidi uulizie kabla hujalipa. Safu ya kwanza imebakiwa na neno moja: magazini ngumu kujaza. Kuna kifaa cha plastiki cha kujazia, nimekiagiza. Safu ya pili imevuka hadi ukurasa wa 31.

Shemeji amejibu kwamba amefurahi, na kwamba angependa kujua na ile kubwa zaidi ikoje.

Nimepimwa macho mchana. Miwani itakuwa tayari Alhamisi.