Acha Futikamba Nyumbani: Mwongozo kwa Mgeni wa Kanzenze

Ndugu mgeni, umesikia kwamba kuna sheria zinazopima umbali kati ya mcheza utupu na mteja wake. Sasa unashukia Kanzenze, wilayani Rubavu, Rwanda, na umetia futikamba mkobani usije ukavunja sheria za watu. Nia yako njema. Ila kabla hujaikunjua mbele ya wenyeji, pitia masharti haya.

1. Usiulize klabu iko wapi. Kanzenze ni nchi ya viazi. Kinachovuliwa hadharani hapa ni maganda, na hakuna askari anayeuliza mteja alikaa umbali gani na sufuria. Jioni utapata baa: viti vya plastiki, brosheti ya mbuzi, na bia ya Primus, ambayo kiwanda chake kiko wilaya hii hii. Muziki ukikolea, anayeinuka kucheza ni mteja mwenyewe, tena na koti lake, maana baridi ya milima hii haina mzaha.

2. Jua sheria unayoiogopa ni ya nani. Ni ya miji na majimbo ya Marekani. Tampa iliweka futi 6 mwaka 1999. Kent, katika jimbo la Washington, ilidai futi 10, yaani mita tatu. Kwa umbali huo mtu utamtazama kwa miwani. Seattle ilipitisha futi 4 mwaka 2005, ikaagiza taa ziwake barabara na mteja asimpe mchezaji pesa mkononi. Novemba 2006 wapiga kura wakaikataa. Jimbo la Ohio lilikataza kugusana, isipokuwa mteja akiwa ndugu wa karibu wa mchezaji. Ndugu! Julai 2018 polisi wa Columbus walimkamata mcheza utupu Stormy Daniels kwa sheria hiyo, na mashtaka yakafutwa haraka: ilimhusu mchezaji wa kila mara katika klabu ile, naye alikuwa mgeni wa usiku mmoja.

3. Rwanda haipimi futi, inaangalia nguo. Sheria ya makosa ya jinai ya 2018, kifungu cha 143, inaadhibu aibu ya hadharani kwa kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili. Wala usijifariji kwamba wewe ni mtazamaji tu. Agosti 2022 aliyetiwa mbaroni ni msichana aliyekwenda kutazama onyesho la mwanamuziki Tayc mjini Kigali akiwa amevaa gauni lililoonyesha mwili. Jukwaani hakupanda. Baadaye aliachiwa, lakini somo lilikuwa limefika: hapa hata mteja anakaguliwa.

4. Tazama saa. Tangu Septemba 1, 2023, baa na vilabu vya usiku nchini Rwanda viliamriwa kufunga saa saba usiku siku za kazi, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Asiyetimiza miaka 18 hauziwi pombe, na aliyekwisha kulewa haongezewi. Kwa hiyo ukiona mhudumu anapanga viti juu ya meza, usimwambie sheria za Tampa. Lipa, uage.

5. Umbali uliwahi kupimwa, lakini kwa wote. Wakati wa Korona mita moja ilimhusu padri, muuza viazi na mlevi bila ubaguzi. Baa zilifungwa Machi 2020, zikaanza kufunguliwa Septemba 2021. Mbele ya baa iliyofungwa, sheria ya Seattle ingeonekana ya huruma.

6. Ukifika pwani ya Afrika Mashariki, usije na masharti ya Seattle. Kwenye taarabu, mtu akikunwa na wimbo anainuka, anakwenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, anamtuza noti mkononi au kwenye paji la uso, anarudi kwa madaha yale yale. Umbali ni sifuri, na hakuna aliyeharibikiwa. Ukitupa pesa kutoka futi 4 utaonekana bahili au mshamba, pengine vyote viwili.

7. Mtazame anayelipa mshahara. Julai 2016 mwanamuziki Koffi Olomide alinaswa kwenye video akimrushia teke mmoja wa wachezaji wake katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Kenya ikamkamata na kumrudisha Kinshasa. Katika tukio hilo mteja hakuwepo kabisa.

Hapo ndipo futikamba za watunga sheria wa Marekani zinapopotea njia. Zinampima mteja na mchezaji, zinamwacha mwenye ukumbi, mwenye bendi na mwenye daftari la malipo akae popote atakapo. Mchezaji anaumia zaidi kwa bosi aliye karibu mno na mshahara ulio mbali mno. Ukimwona anayeishi kwa kucheza, awe Kanzenze, Tanga au Tampa, mpe heshima yake, mtuze mkononi mwake mwenyewe, kisha uondoke kabla ya saa saba.