Probox, Shemeji na Oili ya Euro

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara ya Rumonge haijajaa magari, Kinindo nzima, hapa Bujumbura, inasikika ikifagia. Mwenye nyumba mmoja tu hafagii. Amechuchumaa mbele ya Probox yake, shavu limekaribia kugusa sakafu, anahesabu matone ya oili. Jana yalikuwa manne. Leo ni saba.

“Inalia,” anamwambia mkewe.

“Utalia wewe,” mama watoto anamjibu, maana sakafu hiyo ameisugua juzi kwa sabuni ya unga.

Balaa lilianza na shemeji. Alipokuja likizo kutoka Ubelgiji alifunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa kama mpishi anayeonja mchuzi wa jirani, kisha akasikitika. Kesho yake alitoa euro zake, likanunuliwa dumu la oili ya sintetiki. Gari likawa na oili ya bei kubwa kuliko matairi yake. Miezi ikapita, shemeji akarudi kwake, siku ya vidanji, yaani kubadilisha oili, ikafika, na mwenye gari alipouliza bei ya dumu jingine alimshukuru muuzaji kwa heshima zote na kununua oili ya kawaida. Fundi wa jirani akamwaga, akabadilisha filta, akajaza. Kesho yake matone yakaanza.

Basi gari likapelekwa Buyenzi, mtaa wa mafundi na vipuri, ambako hukosi kupata dawa ya gari au angalau hotuba. Mzee mmoja mwenye ovaroli nyeusi tii alisikiliza habari yote, akatikisa kichwa.

“Mzee wangu, nani alikwambia urudi nyuma? Injini ikishaonja sintetiki haishuki tena. Hiyo itanoki.”

Jioni baraza la majirani lilikaa getini. Mmoja alisema oili hizo mbili zikikutana huganda kama mawese ya Rumonge wakati wa baridi. Mwingine alimjua mtu aliyemjua mtu ambaye injini yake ilikufa hivyo hivyo. Mtu huyo hajawahi kuonekana Kinindo, lakini kila gereji inamfahamu.

Hofu hii haikuzuka hivi hivi. Miaka ya 1970, oili za sintetiki zilipoanza kuuzwa kwa magari ya kawaida, baadhi yake zilikuwa na kemikali zilizoharibu mipira ya sili, na injini zikavuja kweli. Watengenezaji walirekebisha mchanganyiko zamani sana. Leo oili yenye nembo ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, lazima iweze kuchanganyika na nyingine bila ugomvi, na zipo zinazouzwa zikiwa zimeshachanganywa kiwandani. Kuna la kuchekesha zaidi: mwaka 1999 huko Marekani, Mobil ililalamika kwamba Castrol inaita sintetiki oili iliyosafishwa kutoka mafuta ghafi ya ardhini. Baraza la kusuluhisha mambo ya matangazo likaipa Castrol haki. Kwa hiyo sintetiki, bibi harusi wa euro, huenda ni binamu wa ile oili ya kawaida.

Hata zile namba kwenye dumu zina kichekesho chake ukiwa Bujumbura. Kwenye 5W-30, W ni ya majira ya baridi, na ile 5 hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kinindo, karibu na Ziwa Tanganyika, watu huvaa sweta ikifika nyuzi 20. Sintetiki ina faida zake, hilo halibishaniwi: huvumilia joto na hukaa muda mrefu kabla ya kuchoka. Anayerudi kwenye oili ya kawaida atapunguza kilomita kati ya vidanji na vidanji, na mwenye injini ya tabo asome kwanza kitabu cha gari. Lakini talaka inaruhusiwa.

Matone je? Aliyeyamaliza ni kijana mwanagenzi wa gereji ile ile ya Buyenzi, mwembamba kiasi cha kuingia chini ya Probox bila jeki. Alifungua filta, akapitisha kidole mahali ilipokuwa imekaa, akanyamaza. Kisha akachokoa kwa bisibisi, akatoka na duara jeusi la mpira lililobonyea na kung’aa kama bangili ya mtoto.

“Mzee, hapa kulikuwa na mipira miwili.”

Filta ya zamani ilipotolewa, mpira wake ulibaki umeganda kwenye injini. Filta mpya ikaja na wake, ikafungwa juu ya ule. Mpira juu ya mpira haushiki sawasawa, na presha ya oili ikapata kijia chake. Gari lingewekewa hata oili ya ndege, lingevuja vile vile.

Mzee wa ovaroli aliutazama ule mpira kwa muda mrefu. “Sawa,” alisema, “lakini ni sintetiki ndiyo iliyougandisha.”

Probox sasa inatembea kwa oili ya kawaida, lita 3.7 pamoja na filta, na sakafu ni kavu. Shemeji hajaambiwa. Nawe siku ya vidanji, kabla fundi hajatupa filta ya zamani, igeuze uitazame mdomoni: kama mpira haupo, umebaki kwenye injini.