Namna ya Kuacha Sigara Utakapojisikia Tayari

Kwanza, usikurupuke. Wanaokurupuka huacha kweli, na ukishaacha kweli hutapata tena raha ya kupanga kuacha. Ngoja ujisikie tayari. Utajua umekuwa tayari siku ambayo huna deni, bei ya ng'ombe sokoni Sondu imekuridhisha, mama mkwe hana safari ya kuja kwako, na timu ya Gor Mahia haijafungwa. Yakikutana yote, acha siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, vuta.

Wanaokuharakisha wakumbushe historia. Kituo cha umeme cha Sondu-Miriu kilianza kujengwa 1999, na karibu muongo mzima ukapita kabla ya megawati zake 60 kupatikana. Ikiwa mto wenyewe ulingojewa hivyo, wewe mwenye mapafu mawili tu unakimbizwa na nani?

Wakati unangoja, nunua moja moja. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ufundi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau vijiti kumi. Walioitunga hawakuwa wajinga: anayedaiwa bei ya pakiti nzima hukumbuka unga kwanza. Bahati nzuri, sheria hiyo haijafika kwenye kila dirisha la duka. Kibiriti cha gesi kinaning'inia kwenye nondo kwa uzi ulioungua ncha, mfupi hivi kwamba huwezi kuwasha bila kuinamisha kichwa kama unayeamkia wakwe.

"Omera, leta moja."

"Na Patco?"

"Na Patco."

Pipi ya Patco ni ya mke. Haimdanganyi, lakini inaonyesha heshima.

Uzuri wa moja moja ni kwamba kila ukiizima, umeacha. Mwenye pakiti mfukoni ndiye mvutaji. Wewe ni mtu aliyekwisha kuacha, ila njia yako inapita tena pale dukani. Isitoshe, zile picha za ugonjwa hubaki kwenye pakiti, na pakiti hubaki kwa mwenye duka. Maskini, ndiye anayetazamana nazo kutwa.

Ikiwa umeshatoa ahadi nyumbani, itumie jiografia. Sondu imekaa mpakani: huku Kisumu, kule Kericho. Ahadi iliyotolewa Nyakach haina nguvu upande wa pili. Vuka, vuta, rudi. Mpaka huu umetuletea fujo za kutosha. Si vibaya mara moja ukatumika kwa amani.

Usisome sana. Hasa epuka utafiti wa Robert West na Taj Sohal uliochapishwa Uingereza 2006. Waliwauliza watu waliowahi kujaribu kuacha, wakakuta karibu nusu ya majaribio hayakupangwa kabisa: mtu aliamua tu palepale. Tena hao wasiojiandaa ndio waliofika miezi sita kwa wingi kuliko waliojipanga. Habari kama hizi zikifika stendi ya bodaboda, nani atabaki kungoja?

Jambo jingine la kufichwa ni nikotini inavyofanya kazi. Saa mbili hivi baada ya kuvuta, nusu yake imeshapungua damuni, na mwili unaanza kudai. Ndipo unaposikia ndani yako, "Bado sijawa tayari." Iamini sauti hiyo. Usiulize ni yako au ni ya sigara. Wala usijaribu kuikalia kimya, kwa sababu kiu hiyo hupanda dakika chache kisha ikashuka yenyewe, hata usipoiwashia kitu. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, halafu inalegea wiki hadi wiki. Mtu akiligundua hilo anaweza kunywa maji, akazungumza na jirani, ikampita hivihivi.

Namba 1192 ya NACADA, ya kusaidia wanaotaka kuacha, usiipige pia. Haitozwi, kwa hiyo hata kisingizio cha kukosa kredo huna.

Na usiende Migori kuiga watu. Kule wako wakulima waliong'oa tumbaku wakapanda maharage yenye madini ya chuma, kwa mradi ulioungwa mkono na WHO, FAO na WFP. Maharage hayakuulizwa kama yako tayari.

Kilichobaki ni tarehe. Wengi hupendekeza tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, lakini Mei kuna karo ya muhula wa pili, na karo haitaki mtu mwenye hasira. Agosti karo tena. Januari usiitaje kabisa. Weka Desemba. Desemba wageni watakuja kutoka Nairobi, wamechoka na safari, wamefurahi kukuona, na mmoja wao hakosi pakiti nzima.