Maradhi ya Gemu Iliyohamia Linux

Gemu iliyokuwa ikienda vizuri kwenye Windows, ikihamishiwa Linux, huugua kwa namna tatu. Ya kwanza ni kwenda polepole mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba mshambuliaji anayekimbilia goli anapitwa na mwamuzi. Ya pili ni kwenda vizuri, kisha kushtuka na kuganda kwa nusu sekunde, hasa bunduki inapofyatuliwa kwa mara ya kwanza. Ya tatu ni kutofunguka kabisa. Wachezaji huziita zote kwa jina moja, "inastaki", na hapo ndipo tiba inapoanza kwenda kombo, kwa sababu dawa ya ugonjwa mmoja haiugusi mwingine hata kidogo.

Wagonjwa wameongezeka karibuni. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kompyuta isiyo na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 wala, kwa kawaida, prosesa ya Intel iliyotangulia kizazi cha 8. Sharti hilo liliwaacha nje wengi wenye ThinkPad na EliteBook za mtumba, zile zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya zikaajiriwa upya Kariakoo na Luthuli Avenue. Kwao Linux hufika kupitia rafiki anayejua kompyuta. Rafiki huyo huisifu kwa mambo matatu, yote ya kweli: ni ya bure, ni nyepesi, na virusi vya Windows haviiwezi. Suala la gemu halitaji. Siku ya kusakinisha huja na flashi yake mwenyewe na kukaa hadi usiku. Siku gemu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza, simu yake haipatikani.

Mzizi wa shida ni kwamba gemu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Windows tu. Inapotaka kuchora nyasi au nyavu, gemu huagiza kwa Direct3D, lugha ya Microsoft ambayo Linux haiifahamu. Katikati husimama wakalimani. Mkongwe wao ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Mwaka 2018 Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ilitoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa nyenzo za gemu. Ndani yake imo DXVK, inayogeuza maagizo ya Direct3D 9, 10 na 11 kuwa ya Vulkan, lugha ya kuchora ambayo Linux inaifahamu, na baadaye VKD3D-Proton, inayofanya hivyo kwa Direct3D 12. Kazi hiyo hufanyika vizuri kiasi kwamba Steam Deck, kifaa cha mkononi kilichotoka Februari 2022, huitegemea kwa sehemu kubwa ya gemu zake.

Ukalimani una gharama, lakini ni ndogo; mara nyingine gemu huenda haraka kuliko ilivyokwenda kwenye Windows. Gemu iliyoshuka kutoka fremu 60 kwa sekunde hadi 9 haikuangushwa na mkalimani. Hata hivyo ndiye anayekamatwa kwanza. Mhamaji hupakua Proton nyingine, kisha nyingine iliyokarabatiwa na wapenzi wa gemu, kisha ya mwaka juzi ambayo mtu fulani alisema ndiyo yenyewe. Bando la mwezi linakwisha, fremu zinabaki 9.

Mahali pa kuanzia ni kupima. Programu ndogo iitwayo MangoHud huandika pembeni mwa skrini idadi ya fremu, muda unaochukuliwa na kila fremu, na jinsi prosesa na kadi ya grafiki zinavyotumika. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila moja ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Inayochukua 100 ndiyo ile inayoonekana kwa macho kuwa imeganda. Kadi ikionyesha asilimia 99, inafanya kazi yake, na gemu ni nzito kwake tu: dawa ni kupunguza vivuli na ukubwa wa picha. Kadi ikiwa imekaa bure huku prosesa inachemka, basi anayechora si mchoraji. Amri ya glxinfo humtaja kwa jina. Likitokea jina llvmpipe, kazi yote ya uchoraji inafanywa na prosesa kwa sababu Linux haikupata draiva inayofaa. Jina lenyewe linasikika kama la kadi ya maana, na wapo wanaolitaja kwa fahari wanapoulizwa sifa za mashine yao.

Kwa kadi za AMD na Intel balaa hilo ni nadra, kwa kuwa draiva zake zimo ndani ya kiini cha Linux na katika mkusanyiko wa Mesa, unaokuja pamoja na mfumo. Mkasa uko kwa Nvidia. Mwaka 2012, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alisema Nvidia ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizopata kushughulika nazo, akaigeukia kamera na kuinua kidole cha kati. Mambo yamelainika tangu hapo, na Mei 2022 kampuni ilianza kuweka wazi sehemu ya msimbo wa draiva yake. Bado, kwenye mifumo mingi ya Linux, kadi zake huanza maisha na draiva ya Nouveau, iliyoandikwa na watu wa nje kwa kuchungulia jinsi kadi zinavyofanya kazi. Kadi za mfululizo wa GTX 900 na GTX 1000 hazikubali kupandishwa kasi ila na programu iliyotiwa saini na Nvidia yenyewe. Nouveau haina saini hiyo, kwa hiyo kadi hubaki na kasi iliyoamka nayo, mithili ya basi lililopanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza likaendelea na gia hiyohiyo hadi Mbeya. Picha inaonekana, video inacheza, intaneti inafunguka; ni gemu peke yake inayofichua siri.

Dawa ni draiva ya Nvidia yenyewe, ambayo Ubuntu na Linux Mint huitoa kwa kubofya mara chache. Kinachoponza ni kinachofuata. Kompyuta ikiwa na Secure Boot, ulinzi unaokataa kuamsha msimbo usio na saini inayotambulika, saini ya draiva iliyojengwa kwenye mashine hiyo lazima isajiliwe. Wakati wa kusakinisha, mtumiaji huombwa nywila, naye huandika yoyote kwa kuwa haoni ni ya nini. Kompyuta inapowashwa upya huleta skrini ya bluu yenye Kiingereza kigumu, ikisubiri sekunde 10 kitufe chochote kibonyezwe. Aliyewahi kuiona skrini ya bluu ya Windows haoni haja ya kusoma: ama anachomoa waya, ama anatulia kimya akiomba ipite. Ikipita, draiva inakuwa imesakinishwa na haifanyi kazi, yote mawili kwa pamoja. Orodha ya programu inasema ipo. Amri ya nvidia-smi inasema haipati mawasiliano nayo. Mhamaji anaiondoa, anaisakinisha tena, anapewa skrini ileile, na safari hii anazima kompyuta mapema zaidi. Kinachotakiwa pale ni kubonyeza kitufe kabla sekunde hazijaisha, kuchagua Enroll MOK, na kuandika ile nywila, ambayo kufikia wakati huo hakuna anayeikumbuka.

Laptopu nyingi za gemu zina kadi mbili: ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ya kuokoa betri, na ya Nvidia kwa kazi nzito. Windows huchagua yenyewe, mara nyingi vizuri. Linux huanza na ile ndogo, na gemu zinazotumia OpenGL, lugha nyingine ya kuchora, hasa huishia huko zisipoelekezwa kwingine kwa prime-run, au kwa prime-select kwenye Ubuntu.

Kwenye kompyuta za mezani kasoro hii ina ndugu yake asiyehusiana na Linux hata chembe. Kompyuta hupelekwa kwa fundi kubadilishwa mfumo, inarudi nyumbani, na anayeiunganisha anachomeka waya wa skrini kwenye tundu la juu, la madabodi, badala ya lile la chini lililo kwenye kadi. Kadi ya laki kadhaa inabaki ikizungusha feni bila kazi. "Fundi, umenibadilishia kadi!" ndiyo salamu ya asubuhi. Fundi, ambaye ameshasikia tuhuma nzito kuliko hiyo, anakubali kupiga Windows upya kwa nusu bei. Kompyuta inarudi tena nyumbani, waya unachomekwa tundu lilelile, na uzito wa gemu unabaki palepale, sasa ukiwa na leseni.

Kushtuka-shtuka kuna chanzo tofauti. Sheda ni programu fupi zinazoiambia kadi jinsi ya kuchora mwanga, maji au ngozi, na kila moja lazima igeuzwe kuwa lugha ya kadi husika. Ugeuzaji huo ukifanyika katikati ya mchezo, fremu husubiri. Steam hujaribu kuzitayarisha mapema, ikionyesha asilimia zinavyopanda taratibu, na chini yake imeweka kitufe cha kuruka hatua hiyo. Hakuna kitufe kinachobonyezwa kwa furaha kuliko hicho, na aliyekibonyeza ndiye yuleyule anayelalamika dakika mbili baadaye. DXVK 2.0, iliyotoka Novemba 2022, ilipunguza sana mshtuko huu pale draiva inapokuwa mpya vya kutosha. Unaosalia hufifia kadiri mtu anavyocheza.

Diski nayo huchangia. Ili kuokoa bando, mhamaji huziacha gemu zake kwenye sehemu ya zamani ya NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, na kuielekeza Steam huko. Lakini Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa, hulala huku imeishikilia diski, na Linux ikigundua hivyo inaweza kuifungua kwa kusoma tu. Proton pia huhitaji kuandika majina yenye alama ya nukta pacha, ambayo Windows haiyataki. Gemu za namna hii hujaribu kufunguka, kitufe kikabadilika rangi, kisha kikarudi kilivyokuwa pasipo neno lolote. Kuzinakili kwenye diski ya ext4, mpangilio wa Linux yenyewe, humaliza jambo.

Wapo wagonjwa ambao hospitali haiwezi kuwafanyia mengi. Grafiki za Intel za kizazi cha 3 na cha 4 zina Vulkan isiyokamilika, na Mesa yenyewe huonya hivyo. DXVK ikikosa pa kusimama, kinachobaki ni kupita njia ya OpenGL kwa kuandika PROTON_USE_WINED3D=1, njia ya zamani na ya polepole. Kuhusu mashine hizi ikumbukwe pia kwamba kumbukumbu ya mhamaji huongeza fremu. Gemu anayoapa leo kuwa ilikwenda 60 kwenye Windows haikuwahi kupimwa, na wakati ule aliitukana vilevile.

Lakini kinachochelewesha nafuu kuliko hayo yote ni maagizo ya kunakili. Steam ina sehemu ndogo ya kuandika maagizo ya kuanzia gemu, na sehemu hiyo hujazwa kila kitu kilichowahi kumsaidia mtu yeyote mahali popote. Humo hukutwa gamemoderun, ambayo ina kazi ya kweli ya kuizuia prosesa isijibane kuokoa umeme wakati wa mchezo. Kando yake hukutwa RADV_PERFTEST=aco, agizo la kadi za AMD lililopoteza kazi mwaka 2020, Mesa 20.2 ilipoifanya ACO, kigeuzi chake cha sheda, kuwa ya kawaida. Bado linabandikwa, tena na wenye kadi za Nvidia, ambako halijawahi kuwa na kazi tangu liumbwe. Fremu zikipanda baada ya kubandika maagizo saba kwa mpigo, yote saba hupewa sifa, na kesho yake yote saba hutumwa kwa mgonjwa mwingine.

Kutofunguka kabisa mara nyingi si ajali. Gemu za kushindana mtandaoni huwa na mlinzi wa kuzuia udanganyifu mchezoni, naye hutaka kujua yuko kwenye nyumba ya nani. Easy Anti-Cheat na BattlEye zimeweza kufanya kazi chini ya Proton tangu 2021, mradi mwenye gemu aridhie. Fortnite haikuridhia. Apex Legends iliridhia, ikawa inachezwa, kisha ikafunga mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. Valorant na EA Sports FC za karibuni zina walinzi wao wenyewe wasioitambua Linux. Hapa hakuna agizo la kunakili linalofua dafu.

Wapenzi wa gemu hizo hubaki na mifumo miwili kwenye kompyuta moja na kuchagua mmoja kila inapowashwa. Mpango huo ni mzuri isipokuwa kwenye saa. Linux huiweka saa ya madabodi kwa muda wa UTC, ilhali Windows huisoma kama saa ya mahali ilipo. Kwa kuwa Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa 3, anayetoka Linux na kuingia Windows huikuta saa ikiwa nyuma kwa saa 3 hadi itakapojirekebisha kwa intaneti. Aliyeahidiana na wenzake mechi ya saa tatu usiku anaambiwa na kompyuta kuwa ni saa kumi na mbili jioni, anakwenda kuoga taratibu na kula. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huifanya Linux ifuate desturi ya Windows. Linux huitii, ila tangu siku hiyo, kila ikiulizwa hali ya saa kwa timedatectl, huambatanisha onyo refu la kueleza kwa nini haikubaliani na uamuzi huo.